Israfu ya Chakula na Amana ya Ardhi

Mwenyezi Mungu Mtukufu ameruhusu kula na kunywa, na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, amekataza israfu. Israfu ni kupita kiasi, hata katika kilicho halali. Wali ni halali. Lakini uliopikwa ili wageni waone wingi wa masinia, kisha nusu yake ikatupwa, umeingia katika katazo hilo.

Madhara yake hayaishii jikoni. Mchele unaoliwa Oman hutoka India, Pakistan na kwengineko, na kilo moja huhitaji kwa wastani lita 2,500 hivi za maji. Mwenye kuutupa ameyatupa na maji hayo. Tena chakula kinachooza chini ya taka hutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia.

Ama samaki, nao wana wakati wao. Oman huzuia uvuvi na biashara ya nguru kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba kila mwaka, ili wapate kuzaana. Anayemnunua kwa siri katika miezi hiyo huwadhulumu wavuvi waaminifu na vizazi vijavyo, hali samaki wengine wapo.

Basi yampasa mwenye nyumba mambo matatu: kupima mchele kwa idadi ya walaji, kumpelekea jirani kilichozidi kingali kizuri, na kuheshimu msimu wa bahari. Ukarimu ni kumshibisha mgeni, wala si kulijaza jaa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.