Nimefeli mtihani wa vitendo Uingereza, nifanyeje?

*Nimekuwa muuguzi wodini Mombasa kwa miaka mingi. Huku Uingereza nimefeli mtihani wa vitendo wa usajili, na wadogo zangu kikazi wamepita. Naona haya hata kupiga simu nyumbani. Je, ujuzi wangu umepotea? — Muuguzi, Northampton*

Dada yangu, ujuzi wako uko palepale. Kinachokuuma ni mtu mzima kurudishwa darasani, na kinauma kweli.

Mtihani huo una vituo 10, na mtahini hutoa alama kwa anachokiona na kukisikia tu. Hapo ndipo wenye uzoefu huteleza. Umezoea wodi iliyofurika, ambako mgonjwa unamjua kwa sura na mengi unayakagua kimoyomoyo. Mtahini hawezi kuyaona hayo. Basi yatamke: jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, mzio wa dawa, ridhaa yake. Nawa mikono mbele ya mtahini. Fanya mazoezi na mwenzako akushikie saa, kwani wengi hupoteza alama kwa kusahau kuandika tarehe na sahihi kwenye fomu muda unapobana.

Soma maoni ya kila kituo ulichofeli. Ombi moja la usajili linaruhusu majaribio matatu. Mweleze mkufunzi wa hospitali yako leo, usingoje akuulize.

Nyumbani piga simu. Usingizi ukikukimbia kwa wiki mbili, muone daktari wa familia. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hata saa moja: shirika la Samaritans hupokea simu bure usiku na mchana, namba 116 123.