Nilienda kumwona mjukuu, jiji likafungwa: nirudi kwa mkazamwana?

Mwanangu unayejibu barua hizi,

Mimi ni mjane wa miaka 71, naishi Voi. Machi 2020 nilipanda treni kwenda Nairobi kumwona mjukuu aliyekuwa ametoka kuzaliwa. Mwanangu na mkewe wanakaa Umoja, nyumba ya vyumba viwili, gorofa ya nne. Nilifunga nguo za wiki mbili. Wiki ya kwanza haijaisha, mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa. Mwanangu akasema, “Mama, ngoja kidogo tuone.” Tukangoja mpaka jiji likafungwa, nikatoka Julai.

Mkazamwana wangu aliweka beseni la maji ya sabuni mlangoni. Kila nikishuka kwa mama mboga, nikirudi sharti ninawe hadi viwiko, nivue leso niitumbukize humo, ndipo niingie. Mtoto nisimbebe kabla ya kubadilisha nguo. Yote haya mbele ya mjukuu wangu mkubwa, utadhani nimetoka jaani. Jikoni nako hakunitaka: nikishika mwiko anaupokea, “Mama, kaa upumzike.” Usiku mmoja nikamsikia ukutani akimwuliza mumewe, “Mama yako atakaa mpaka lini?” Mwanangu hakujibu kitu.

Tangu hapo sijaenda tena. Wao walikuja mara moja, mtoto akiwa bado hajui watu. Simu tunapigiana, na pesa za dawa zangu za presha mkazamwana ndiye anayetuma kila mwezi. Sasa wananiita. Yule mtoto ameanza shule, na juzi aliniuliza, “Nyanya, wewe unakaa kwenye simu?” Niende? Na kabla sijaenda, si haki yangu niombwe radhi kwa lile neno?

Mama wa Voi

JIBU

Shikamoo mama.

Nenda. Radhi ya neno la ukutani usiidai, kwa maana hukuambiwa wewe. Mke alikuwa akizungumza na mumewe chumbani kwao usiku, na ukuta wa nyumba za Nairobi hauna siri. Ya beseni ni mengine, na hayo una haki ya kuyasema. Nitakueleza namna.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokwenda, maana naona moyoni mwako kuna shaka kwamba ulizuiliwa pale, au kwamba ulikosea kukaa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake, na treni ya abiria ikasimama. Zilikuwapo basi wiki tatu na ushei ambazo ungeweza kurudi. Lakini katika kipindi hichohicho Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alikuwa akiwasihi watu wa mjini wasiende mashambani, wasije wakawapelekea wazee ugonjwa. Mwanao alipokuambia ungoje, alikuwa akisema yaliyosemwa katika nyumba nyingi za Nairobi. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Sasa beseni. Hebu jiulize, mama, katika nyumba ile aliyekuwa hatarini zaidi ni nani? Mapema kabisa, kutokana na yaliyotokea China na Italia, ilijulikana kwamba ugonjwa ule uliwaelemea zaidi wenye umri mkubwa, hasa wenye presha na kisukari, na kwamba watoto wengi uliwapitia kwa wepesi. Mwenye umri na presha pale ulikuwa wewe. Mkazamwana alikuwa mzazi wa juzi, anasikia idadi ya wagonjwa na waliokufa ikisomwa kila alasiri, na nyumbani kwake amekaa mama mzazi wa mumewe. Lingekupata jambo, ukoo mzima ungemwuliza yeye. Naamini sabuni ile alikuwekea wewe kama alivyomwekea mtoto.

Kosa lake lilikuwa katika namna. Hakukuketisha akakueleza, na alikuamrisha mbele ya mjukuu. Hilo liliuma, na lina haki ya kuuma.

Nije kwenye lile swali la usiku. Mwaka ule kila mtu aliuliza “mpaka lini”. Amri ya kufunga jiji ilitolewa kwa siku 21. Zilipoisha ikaongezwa 21, kisha 21 nyingine, halafu 30. Serikali yenyewe haikuwa na tarehe, mwanao angeitoa wapi? Na swali lile lisingeulizwa laiti ungekuwa na siku ya kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulikaa karibu miezi minne na jembe hukupewa. Yeye alikupokea mwiko kwa heshima aliyofundishwa kwao, kwamba mama mkwe hapiki. Wewe ukaona umefukuzwa jikoni. Ukabaki sebuleni toka chai ya asubuhi hadi kafyu, huna kazi, huna tarehe. Mtu wa hivyo hata akiwa malaika atachosha, naye atachoka. Miezi ile, mama, usiihesabu kuwa ziara. Ziara ina siku ya kuja na siku ya kwenda, na wenyeji hukirimu vizuri wakijua zote mbili.

Mtu mmoja katika barua yako umempitia kwa upole sana: mwanao. Yeye ndiye aliyekuwa katikati. Alipaswa kukuambia wewe kwa nini beseni lipo, na kumwambia mkewe kwamba mama anaumia. Alinyamaza pande zote mbili, na wanawake wawili mkaachwa mmalizane kwa kununa. Ukifika, mtafute peke yake, hata kama ni kwenye ngazi za gorofa, umwambie: “Safari hii kukiwa na jambo, niambie wewe mwenyewe.” Usizidishe.

Na kuna mstari mmoja ulioandika ukaukimbia: kwamba pesa za dawa za presha hutoka kwa mkazamwana, kila mwezi. Mtu anayekuchoka hahesabu siku za vidonge vyako. Mimi ningeupima mstari huo pamoja na lile neno la usiku, na sioni kama neno litashinda.

Basi fanya hivi. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi pamoja. Siku kumi zinatosha. Mpigie mkazamwana simu mwenyewe, usimpitie mwanao, umwambie tarehe unayofika na tarehe unayoondoka. Halafu omba kazi kabla hujafika: “Nataka niwe nampeleka mtoto shule asubuhi, na Jumapili nipike kimanga, wajukuu wajue chakula cha kwao.” Beba muhogo na maharagwe yako kutoka Voi, asije akasema hakuna vifaa. Ukiomba kazi kwa simu, hatakupokea mwiko mlangoni.

Ya beseni yaseme siku ya tatu au ya nne, mkiwa wawili jikoni, mikono ikiwa kazini. Yaseme mafupi: “Mwanangu, mwaka ule wa korona ulinilinda, nami nakushukuru. Ila ulivyoniamuru mbele ya mtoto nilijisikia mchafu.” Ishie hapo, umwache ajibu. Neno la ukutani liache kaburini. Ukilitaja, atajua kwamba miaka yote hii umekuwa ukimhukumu kwa jambo asilojua kama ulilisikia, na hata salamu zake za simu zitaanza kuwa na woga.

Huenda akakukumbatia. Huenda pia akasema, “Mama, na wewe ulikuwa hutaki kuvaa barakoa.” Akisema hivyo, msikilize, maana naye ana barua yake ambayo hajaniandikia. Ikiwa jibu litakuwa kali, usifungue kesi, umeshasema lako. Endelea kumpeleka mtoto shule, maliza siku zako, aga, panda treni. Si lazima safari hii iwe tamu. Ikiisha kwa tarehe yake bila ugomvi, inayofuata hutaniandikia kuniuliza.