Walinzi wa Chemchemi: Kazi ya Vyama vya Wananchi Katika Mabadiliko ya Tabianchi

Mkaazi wa Mdandu, katika wilaya ya Wanging'ombe, hana haja ya kuhubiriwa kwamba majira yamegeuka. Kwani mvua za nchi yake ni za msimu mmoja, na zikichelewa, au zikikatika mahindi yangali machanga, yeye ndiye wa kwanza kuionja hasara. Lakini jambo ambalo aghalabu halizingatiwi, nalo ndilo lililotusukuma kukitunga kijitabu hiki, ni kwamba baina ya mkulima asiyeweza kitu peke yake na serikali isiyoweza kuweka mlinzi katika kila kijito, wapo wananchi waliokusanyika kwa hiari yao katika vikundi na jumuiya, nao ndio wawezao kuilinda ardhi siku zote, si siku ya sherehe ya kupanda miti tu.

Tuanze na maji. Katika mabonde ya huku Ubena, nchi ya Wabena, watu wamelima vinyungu tangu enzi za mababu, yaani bustani za kiangazi zitegemeazo unyevu wa bondeni, nayo ni kazi tukufu iliyozilisha nyumba nyingi katika miezi ya dhiki. Ila milingoti, miti inywayo maji mengi, ilipoteremshwa hata kando ya chemchemi kwa kutaraji mbao na nguzo, vijito vilipata mshindani asiyelala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea kingo za mito hifadhi ya mita 60. Lakini sheria iliyopitishwa Dodoma haijui shamba la fulani linaishia wapi, na hapo ndipo jumuiya ya watumia maji, inayotambuliwa na sheria ya maji ya mwaka 2009, inapostahili heshima yake, kwa kuwa ndiyo iwezayo kuketi na majirani, ikapima, ikawasihi wenye milingoti waiondoe, ikapanda miti ya asili iitwayo mivengi mahali pake, na kuusuluhisha ugomvi kabla haujafika barazani.

Wala manufaa hayaishii hapa. Maji ya nyanda hizi hushuka bonde la Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, mto unaoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sababu kubwa, ni kweli, ni maji yanayotumika Usangu kwenyewe. Hata hivyo kila chemchemi iliyosalimika huku juu ni haki iliyotimizwa kwa jamaa tusiowafahamu.

Kuhusu moto tutasema machache: vyama vya wapanda miti visafishe njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea, maana mti wa miaka kumi huteketea kwa alasiri moja.

Lakini kupanda na kufyeka si kazi yote; ipo pia kazi ya kusema na kuuliza mbele ya wenye mamlaka. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 kwa vitalu vya akina mama, ndiye aliyethubutu mwaka 1989 kuupinga mnara uliokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na mnara ule haukujengwa. Kikundi chochote cha Mdandu nacho kina mahali pa kusemea, yaani mkutano mkuu wa kijiji, ambako sheria ndogo hujadiliwa na hesabu za mapato na matumizi husomwa hadharani. Basi wanachama wahudhurie, wakiwamo akina mama wachotao maji na vijana wasio na mashamba, waulize ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya chemchemi, na jibu liandikwe katika muhtasari.