Sauti ya Mrima katika Mikanda ya Video: Uchaguzi wa Vifaa vya Kuihifadhi Kidijiti

Whiteley alipochapisha utafiti wake wa Kimtang'ata mwaka 1956, video ya nyumbani haikuwapo. Leo mtafiti wa lahaja za Mrima afikapo Pangani huenda akaonyeshwa mikanda ya VHS ya arusi na maulidi, naye katika kuihamisha huishughulikia picha kwanza. Kwa mwanaisimu hilo ni kosa.

Sauti ya kawaida ya VHS ya PAL imo katika ukingo mwembamba wa mkanda uendao sentimita 2.34 tu kwa sekunde, takriban nusu ya kasi ya kaseti ya sauti (4.76). Masafa ya juu ni haba tangu awali. Na kichwa cha sauti cha deki kikiinama tofauti na kile kilichorekodi, hata hayo machache hupotea. Ndipo /s/ inapokaribiana na /f/, na mpumuo wa vipasuo kufifia. (Sauti ya Hi-Fi, isomwayo na vichwa vinavyozunguka, haiathiriwi na mwinamo huu.)

Deki, basi, ichaguliwe kwa sikio. Fundi arekebishe mwinamo kwa kila mkanda hadi vikwamizo visikike vikali kabisa. Ukungu, ambao unyevu wa pwani hauchelewi kuuleta, uondolewe kabla, kwani mkanda mmoja huweza kuchafua vichwa vyote. Sauti ihifadhiwe bila kubanwa, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Kifaa cha kutuliza mistari ya picha ni cha lazima pia, ila hakiponyi sauti.

Kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuunda deki mwaka 2016. Deki ya akiba inunuliwe kabla ya kompyuta.