Kutafuta Chanzo cha Kasoro: Somo la Injini ya Mfano Inayoacha Reli Kwenye Kona

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi huogopa sana chombo kisije kikakataa kufanya kazi mbele ya darasa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba chombo chenye kasoro chaweza kufundisha zaidi kuliko kizima, mradi mwalimu ajue kuizuia mikono yake. Mfano wetu ni garimoshi dogo la umeme, ambalo injini yake huacha reli kila ifikapo kwenye kona.

Kosa letu

Tulipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza, injini ilianguka mbele ya darasa zima. Kwa haya tuliinama upesi, tukayabana magurudumu kwa vidole, tukapinda reli kidogo, tukaongeza mwendo. Injini ikazidi kuanguka. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi nyuma aliposema, "Mwalimu, mwanzoni ilikuwa ikianguka mahali pamoja tu. Sasa inaanguka kila mahali."

Alisema kweli. Tulikuwa tumebadili mambo matatu kwa pamoja, tukaleta kasoro mpya na kuufuta ushahidi wa ile ya kwanza. Mtoto aliyekuwa na jibu hatukumwuliza. Mpango ufuatao umetokana na kosa hilo.

Shabaha

Baada ya somo wanafunzi waweze:
(a) kueleza jinsi magurudumu yanavyofuata reli;
(b) kuandika waliyoyaona kabla ya kutaja sababu;
(c) kutafuta chanzo kwa kubadili jambo moja tu kila mara.

Vifaa

Garimoshi la mfano na reli zake, chaki, rula, kadi ngumu, mkasi, pimamaji, fimbo mbili nyofu, vikombe vinne vya karatasi na gundi. Asiye na garimoshi atumie gari la waya linalovuta upande mmoja. Njia ya kutafuta kasoro ni ile ile.

Hatua ya 1: Gurudumu hufuataje reli?

Gundisha vikombe viwili mdomo kwa mdomo, na viwili vingine kitako kwa kitako. Viviringishe juu ya fimbo mbili zilizolazwa sambamba na kuinamishwa kidogo. Jozi ya kwanza, iliyo nene katikati, hujirudisha njiani yenyewe. Ya pili huanguka upesi.

Magurudumu ya garimoshi halisi yamechongwa kwa kanuni hiyo. Kila gurudumu ni pana kidogo upande wa ndani kuliko upande wa nje, na magurudumu mawili hushikamana kwenye ekseli moja. Kwenye kona, gurudumu la nje hukanyaga reli kwa sehemu yake iliyo pana zaidi, hivyo huenda mbali zaidi kwa mzunguko ule ule. Ukingo uliochomoza upande wa ndani ni mlinzi wa mwisho.

Hatua ya 2: Kutazama bila kugusa

Endesha injini peke yake, polepole, mara sita. Kila inapoanguka, mwanafunzi mmoja atie alama ya chaki mahali hapo, na mwingine aandike ni gurudumu gani lililotoka kwanza. Kisha endesha upande wa pili. Mwisho, ifungie mabehewa na kurudia. Mwalimu asiguse kitu.

Hatua ya 3: Kusoma alama

Alama zikikusanyika mahali pamoja, ishuku reli. Zikitawanyika kwenye kona zote, ishuku injini. Ikiwa injini huanguka tu inapovuta mabehewa, tazameni viunganishi vyake, huenda vimekaza vikaisukuma kando. Ikiwa huanguka kwa mwendo mkali tu, huenda hakuna kilichoharibika ila ni haraka ya mwendeshaji.

Hatua ya 4: Kukagua

Reli: weka jicho usawa wa reli na utazame kama maungio yamefanya pembe badala ya kupinda taratibu. Pitisha kidole kuona kama ncha moja imeinuka. Laza pimamaji juu ya reli zote mbili uone kama moja imelegea.

Injini: kata kadi itoshee kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kisha ijaribu kwenye ekseli nyingine. Isipotosha, au ikilegea, gurudumu limesogea. Hakikisha pia kwamba fremu ndogo ya magurudumu iliyo chini ya injini inageuka bila kuzuiwa na waya au uchafu.

Ukubwa wa kona: injini ndefu haiwezi kupita kwenye kona kali, hata ikiwa nzima. Hapo dawa ni kuipanua kona. Wanafunzi wafanye hesabu: katika kipimo cha 1 kwa 87, reli za upana wa milimita 1435, kama zile za reli ya kisasa ya Kenya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, zitakuwa na upana gani? Watapata karibu milimita 16.5.

Hatua ya 5: Kuthibitisha

Rekebisheni jambo moja tu, kisha endesheni tena mara sita. Injini ikipita salama, rudisheni kasoro ile ile. Ikianguka tena mahali pale pale, chanzo kimethibitika. Isipoanguka, hatujakijua bado, ingawa garimoshi linatembea.

Hitimisho

Tusimpime mwanafunzi kwa injini kupita kwenye kona tu, maana yaweza kupita kwa bahati. Tumpime kwa daftari lake: aliona nini, alibadili nini, akapata nini.

Zoezi kwa mwanachuo

Chagua chombo kimoja chenye kasoro katika mazingira ya shule yako ya mazoezi. Tayarisha somo la dakika 40, na uonyeshe mahali ambapo wewe mwenyewe utanyamaza.