Baba Mpya, Anza Mbio: Kijitabu cha Familia za Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kwa nini kijitabu hiki

Mtoto akizaliwa hufunguliwa kadi ya kliniki, na mama hukaguliwa afya yake. Baba huwaleta kwa bodaboda, akawasubiri nje ya geti, kisha akarudi kazini. Hapimwi presha wala uzito, hata kama kitambi kimeanza kuning'inia juu ya mkanda na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu kwa sababu mtoto analia usiku kucha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana shinikizo la juu la damu. Presha haipigi hodi. Wapo wanaoijua siku ya kiharusi, wakati mtoto bado hajaanza shule.

Ushauri wetu ni mmoja: tarehe za kliniki ya mtoto ziwe pia tarehe za afya ya baba. Mtoto hurudi kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ratiba ya mbio iliyomo humu imefuata wiki hizohizo.

1. Pima kwanza, raba baadaye

Ukimpeleka mtoto kliniki, ingia ndani. Omba upimwe presha na uzito palepale, iwe ni zahanati ya mtaani, kituo cha afya au hospitali.

- Presha chini ya 120/80 ni nzuri.
- Presha ya 140/90 au zaidi, ikirudi hivyo ukipimwa siku nyingine, inahitaji mganga. Kutembea endelea, mbio zisubiri ushauri wake.
- Presha ya 180/110 au zaidi: usikimbie kabisa. Muone mganga siku hiyohiyo.
- Kiuno: azima futi ya fundi cherehani, izungushe usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamume, kikizidi sentimita 94, hatari ya kisukari na ugonjwa wa moyo imeongezeka.

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye siko seli nyingi nchini. Mgonjwa wa siko seli, wa moyo, wa kisukari au wa pumu asianze mbio bila kuongea na daktari. Na anayetumia dawa za presha asiziache eti kwa sababu ameanza mazoezi.

2. Ratiba ya wiki 14

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku zisizopungua 3. Siku hizo ni za mama na mtoto: kuchota maji, kufua nepi, kupika uji. Mama akishapata nafuu na nyumba ikitulia, anza hivi:

Hadi wiki ya 6: tembea tu. Dakika 20 hadi 30 za mwendo wa haraka, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Dereva wa daladala au mwenye duka anayeshinda ameketi atembee kwenda sokoni. Abiria ashuke kituo kimoja kabla ya chake.

Wiki ya 6 hadi 10: kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Rudia mara 8. Siku 3 kwa wiki, na usiunganishe siku mbili mfululizo.

Wiki ya 10 hadi 14: kimbia dakika 3, tembea dakika 1. Rudia mara 6. Siku 3 kwa wiki.

Baada ya wiki ya 14: kimbia polepole dakika 25 bila kusimama, siku 3 kwa wiki. Hizo ni dakika 75, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mazoezi ya nguvu.

Mwendo uwe wa mchakamchaka. Ukiweza kumsalimia jirani kwa sentensi nzima, uko sawa. Ukishindwa kuitikia salamu, punguza. Wiki ikikushinda, irudie; mwenda pole hajikwai. Ukipata usingizi wa saa tatu tu kwa sababu ya mtoto, siku hiyo tembea.

3. Raba na njia

Raba mpya si lazima. Kwenye mitumba, kama pale Mlango Mmoja, zikague hivi kabla ya kulipa. Ikunje: ijikunje kwenye vidole, isikunjike katikati. Ishike mbele na nyuma uinyonge kama nguo inayokamuliwa. Ikijinyonga kirahisi, iache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imechoka. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Iliyolika kisigino upande mmoja itakuumiza goti. Kati ya kidole kirefu na ncha ya raba ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Mwanza ni jiji la miamba na milima. Kwa wiki za mwanzo kwepa mlima wa Bugando na njia za mawe za mitaa ya juu. Tafuta tambarare: uwanja wa shule au njia ya mtaani isiyo na magari mengi. Barabara ya Capri Point kandokando ya ziwa ina upepo mzuri, ila ina miinuko. Iwekee akiba ya baadaye.

Barabara za Kenyatta, Nyerere na Makongoro zina daladala na bodaboda tangu alfajiri. Ukilazimika kuzitumia, kimbia upande wa kulia, nje ya lami, ili uyaone magari yanayokujia. Vaa fulana nyeupe. Subiri kupambazuke, na vipokea sauti vibaki nyumbani. Nyakati za giza mbu wako kazini, na malaria Kanda ya Ziwa haijaisha.

4. Usiogee ziwani

Jasho likikutoka, maji ya ziwa yanavutia. Yaache. Mabuu ya kichocho hutoka kwenye konokono wanaoishi kwenye majani ya ukingoni, nayo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kwa dakika chache tu, hata kama hana kidonda. Jua la mchana ndilo linaloyatoa kwa wingi.

Ogea nyumbani kwa maji ya bomba au kisima. Kama maji yenu ni ya ziwa, yachemsheni, au yachoteni bila konokono na kuyaacha kwenye chombo chenye mfuniko kwa siku nzima au mbili kabla ya kuoga. Mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara au damu kwenye choo akapimwe. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo.

Baada ya kuoga na kunawa mikono kwa sabuni, mchukue mtoto.

5. Chakula na maji

Ugali, mboga za majani, maharage, sato wa kuchemsha na dagaa vinamtosha mkimbiaji. Michembe na uji ni kifungua kinywa kizuri. Punguza samaki wa kuzama kwenye mafuta, chipsi, soda na pombe. Chumvi yote ya siku kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile ya dagaa waliotiwa chumvi. Kunywa maji safi kabla na baada ya mbio.

6. Maswali yanayoulizwa sana

Je, nikivaa sweta au nailoni kitambi kitaisha haraka? Hapana. Unachopoteza ni maji, na ukinywa yanarudi. Unaweza kuzimia kwa joto.

Kitambi si dalili ya maisha mazuri? Mafuta ya tumboni huongeza hatari ya presha na kisukari. Maisha mazuri yaonekane kwenye kipimo.

Na mama? Akimaliza arobaini na mhudumu wa afya akiridhika, naye aanze kutembea. Siku anayotoka mama, baba abaki na mtoto.

Nijiunge na kikundi? Vikundi vya mchakamchaka husaidia usikate tamaa, ila usivutwe na mwendo wa wazoefu. Mwanza ina mashindano ya Rock City Marathon, yenye pia mbio za kilomita 5. Ni lengo zuri kwa aliyemaliza ratiba.

7. Simama, nenda kituo cha afya

Acha mbio mara moja ukiona:

- maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda kwenye mkono, bega au taya;
- kizunguzungu au kutaka kuzimia;
- kukosa pumzi au moyo kudunda ovyo hata baada ya kupumzika;
- udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito.

Usiende peke yako, na usisubiri hadi kesho.

Makubaliano ya nyumbani

Kaeni baba na mama, mjaze pamoja, kisha mbandike karibu na kadi ya mtoto:

- Siku 3 za mbio za baba: ________
- Muda wa mama kupumzika, baba akiwa na mtoto: ________
- Presha, uzito na kiuno cha baba wiki ya 6: ________
- Wiki ya 10: ________
- Wiki ya 14: ________

Wiki ya 14 ikifika, mwonyeshe mhudumu wa afya karatasi hii. Akiona presha haijashuka, yeye ndiye wa kuamua kama mazoezi yanatosha au dawa zianze.