Mnyoo Anayengoja Kuliwa

Nyangumi ni mnyama mkubwa wa bahari. Tumboni mwake hukaa minyoo waitwao anisaki. Mayai yao hutoka pamoja na mavi ya nyangumi na kuanguliwa majini.

Mtoto wa mnyoo ni mdogo sana. Hawezi kumfuata nyangumi. Afanyeje basi? Anangoja kuliwa. Kwanza humezwa na kidudu cha bahari, jamaa ya kamba. Kisha samaki hula kidudu hicho, na samaki mkubwa hula samaki mdogo. Mnyoo hafi. Hujikunja kama uzi katika matumbo ya samaki, pengine hata katika nyama yake. Mwishoni nyangumi humeza samaki. Sasa mnyoo amefika: anakomaa, anataga mayai.

Lakini mtu akila samaki mbichi, mnyoo hupotea njia. Hutoboa tumbo la mtu, naye huumwa sana na kutapika. Katika Uholanzi, nchi ya Ulaya, watu walizoea kula samaki aitwaye haringi, mbichi, mwenye chumvi kidogo. Mwaka 1960 waganga waliandika kwamba mnyoo huyu ndiye aliyewaumiza. Mwaka 1968 serikali iliamuru haringi wagandishwe kwanza kwa baridi kali, digri 20 chini ya sufuri, muda wa saa 24. Wagonjwa wakapungua sana.

Chumvi kidogo haimwui mnyoo. Moto humwua. Samaki apikwe mpaka ndani.

Maulizo
1. Mnyoo hufikaje tumboni mwa nyangumi?
2. Mpishi hukataje njia ya mnyoo?